Mbao za ndani ya gari zimechoka: nipige rangi, nivishe stika au nitafute za mtumba?

Kobe wa Kimara
Habari za jioni wadau. Zile plastiki za mbao mbao ndani ya gari yangu zimefifia na kliya, ile rangi angavu ya kung'arisha juu, inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nina njia tatu kichwani: kuzipiga rangi nyeusi, kuzivisha stika, au kununua za mtumba wa Japani nibadilishe zote. Ipi inadumu na haina usumbufu? Nataka nianze wikiendi hii.

Bisibisi Nyota
Gari gani? Mwaka gani? Plastiki za milangoni tu au na za kwenye gia? Unafanya mwenyewe au unapeleka kwa fundi? Bajeti? Picha? Mkuu umeingia kama mtu anayefika famasi anasema nipeni dawa.

Mtoto wa Temeke
Stika. Ukiichoka unabandua, rangi ukiichoka unalia.

Kobe wa Kimara
Samahani wakuu, ni Harrier ya zamani. Za milangoni na ile inayozunguka gia. Picha nikitoka kazini.

Bisibisi Nyota
Ya zamani ipi sasa, zile zinazoitwa tako la nyani au zile za kwanza kabisa za 97?

Kobe wa Kimara
Tako la nyani.

Bisibisi Nyota
Haya. Ukifanya mwenyewe, kwanza chomoa waya wa hasi wa betri usubiri angalau sekunde 90, Toyota wenyewe ndio wanavyoelekeza, eabegi iwe imelala. Ukikuta soketi ya njano jua ni ya eabegi, iache. Usibandue kwa bisibisi ya chuma pamoja na jina langu, tafuta vile vibanduo vya plastiki, na fanya mchana gari likiwa na joto maana plastiki ya zamani ikiwa ya baridi klipu zinakatika kama biskuti. Usivute kwa hasira, sikilizia klipu moja moja, na ikigoma kuna skrubu imejificha nyuma ya kifuniko kidogo. Osha na sabuni ya vyombo, msasa wa maji namba 400 mpaka kliya mbovu yote itoke, halafu 800, praima ya plastiki, rangi koti nyepesi nyepesi tatu, kliya. Asilimia kubwa ya kazi ni kuosha na msasa, kupuliza ni dakika chache tu. Na kliya ya hadina, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha, usiipulizie ndani ya nyumba, inaua mapafu, barakoa ya kitambaa haikusaidii kitu.

Mtoto wa Temeke
Unaona mlolongo huo? Stika unahitaji draya ya nywele ya shemeji na wembe basi.

Bisibisi Nyota
Na kliya iliyobanduka chini yake? Stika inafuata kila kilima na kila shimo. Msasa uko palepale. Halafu hiyo ya kwenye gia ina kona kali, stika uliyoivuta sana ikipigwa jua wiki mbili inarudi ilikotoka.

Mama Wawili
Ngoja niwasimulie yangu asije mtu akasema hakuambiwa. Nilikuwa na IST, nikapeleka kwa fundi mmoja, jina namstahi, akaniambia dada jioni unachukua inang'aa kama kioo. Ilikuwa mwezi wa nne masika imekolea na yeye anapulizia nje chini ya turubai. Nimefika saa kumi na mbili kweli inang'aa ila ukiinamia unaona kliya ina ukungu mweupe kama maziwa ya unga yasiyokorogeka, akasema itakauka dada. Sasa mimi nilikuwa mgonjwa wa yale mafuta ya silikoni ya kung'arishia dashibodi, kila Jumamosi napaka, naye hakuosha, kwa hiyo rangi ikakataa kushika ikaacha vishimo vishimo kama mtu aliyeugua ndui. Nikavumilia. Wiki ile ile tuna harusi Mbezi, gari limeshinda juani, natoka ukumbini naegemeza mkono mlangoni ili nivue viatu, sare ya kamati rangi ya krimu mkono mzima umekuwa mweusi, na mlangoni limebaki ua la lesi yangu limejichora vizuri kabisa utadhani muhuri. Mume wangu alicheka mpaka Ubungo. Na taa ya eabegi ikawa inawaka maana alichomoa chomoa soketi swichi ikiwa oni, kwenda kuifuta na mashine hela nyingine. Nimemrudia ananiambia plastiki ya gari lako mbovu.

Mtoto wa Temeke
Pole dada ila ua la lesi nimecheka 😂

Bisibisi Nyota
Pole sana dada. Ule ukungu ni unyevu ulionaswa, thina ya bei rahisi inakauka mbio, inapooza rangi na hewa yetu ya pwani inatoa jasho juu yake. Angesubiri siku kavu.

Mzee wa Spea
Mnamzungusha kijana. Aende kwenye spea za Gerezani achague seti nzima ya mtumba, atoe ya zamani apachike nyingine, saa moja kazi imekwisha.

Dereva Mstaafu
Gerezani bei ya uso, Ilala ndio penyewe. Na aende na kipande chake mkononi, mbao za Harrier hazifanani rangi zote, utakuta mlango mmoja asali mwingine kahawa.

Mzee wa Spea
Bei ya uso inategemea uso mzee mwenzangu.

Bisibisi Nyota
Ageuze nyuma ahesabu klipu pia. Wanaokata magari hawana huruma, nyingi zimeng'olewa na bisibisi. Na za mtumba nazo zimekula jua miaka ile ile.

Kobe wa Kimara
Nashukuru sana wakuu. Nilisahau kusema, gari lenyewe nataka kuliuza mwezi wa 12.

Bisibisi Nyota
Nimeandika insha nzima!!!

Dereva Mstaafu
Hilo ndio la kuanza nalo kijana. Mnunuzi akikuta ndani pamepulizwa rangi nyeusi anajiuliza lilipinduka wapi. Osha tu.

Mtoto wa Temeke
Stika.

Mama Wawili
Kobe, kitambaa cha dari ndani hakijaanza kuning'inia? Na kilomita ngapi? Mi natafuta hiyo hiyo tako la nyani, usiiguse kwanza na mtu yeyote asipulize kitu.

Kobe wa Kimara
Kinaning'inia kidogo upande wa nyuma dada. Nakuja inboksi.

Bisibisi Nyota
Picha hatukuziona.