Ushauri: Najiandaa na usaili wa gitaa la jazi chuo kikuu, nimekulia kwenye dansi

Solo_Moro

Wakuu, habari za humu. Nina miaka 22, napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Morogoro, na Jumapili napiga kanisani. Nimeomba nafasi ya kusomea gitaa la jazi chuo kikuu kimoja Afrika Kusini. Mchujo wa kwanza ni wa video: nyimbo tatu za mitindo tofauti, mmoja uwe blues, kila mmoja urekodiwe mara moja bila kukatwa. Ukipita unaitwa kwenye usaili wa mubashara. Huko wanakupa nota (muziki ulioandikwa) usome papo hapo, wanapima sikio, na wanakutaka umsindikize mtu anayepiga solo.

Sikio silitilii shaka, wimbo nikiusikia naupata. Nota ndiyo shida, nazisoma polepole mno. Usaili ni Januari. Nichague nyimbo gani, nianze na lipi? Na je, mkono huu wa dansi utaniangusha? Kuna mtu kaniambia niusahau kabisa. Nawasilisha.

NotaTatu

Mdogo wangu, hongera kwa kuthubutu. Jazi nimeisomea na sasa nafundisha, kwa hiyo nakujibu kwa kile ninachokisikiliza mwanafunzi anapokaa mbele yangu.

Kwa blues chukua Now's the Time ya Charlie Parker, ya mwaka 1945. Iko kwenye ufunguo wa F, vipimo 12 (vipande vya mapigo manne manne), melodi yake fupi na inakaa vizuri mkononi. Wa pili, Autumn Leaves kwenye G maina. Wa tatu, Blue Bossa ya Kenny Dorham, vipimo 16 tu, inaanza C maina, inapita D flati meja, inarudi. Usiongeze wa nne. Wengi wanakuja na nyimbo kumi wanazozijua nusunusu, na hilo linajulikana kabla mzunguko wa kwanza wa wimbo haujaisha.

Anza na kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), solo isubiri. Vipimo vitatu vya mwanzo vya Autumn Leaves ni C maina saba, F saba, B flati meja saba. Piga kila kodi kwa noti tatu tu. Ya kwanza: uzi wa 6 (ule mnene kuliko wote), wa 4 na wa 3, zote freti ya 8. Ya pili: uzi wa 5 freti ya 8, wa 4 freti ya 7, wa 3 ubaki pale pale kwenye 8. Ya tatu: uzi wa 6 freti ya 6, wa 4 ubaki kwenye 7, wa 3 ushuke hadi 7. Sikiliza nyuzi mbili za juu, wa 4 na wa 3: kila kodi inapobadilika, noti moja inashuka freti moja na nyingine inatulia. Huo mteremko ndio wimbo wenyewe. Solo yako ikifuata noti zinazoshuka hivyo, hata mtu asiyesikia besi atajua uko kodi gani.

Arpejio

Nakubaliana na nyimbo, ila kaka usimwondoe kijana kwenye skeli (noti za ufunguo zikipanda na kushuka kwa mpangilio). Vyuo vingi wanakuomba meja na maina kwenye funguo zote 12, na arpejio zake (noti za kodi zikipigwa moja moja), na hapo sikio halikuokoi. Mimi ningempa nusu ya mazoezi yote skeli.

NotaTatu

Aangalie kwanza barua ya chuo chake. Kama wameziomba, azifanye kila siku. Nusu ya mazoezi yote ni nyingi, kwa sababu skeli atafundishwa akifika, lakini nafasi ataipata kwa namna anavyopiga wimbo.

Besi_Tanga

Mimi ni mpiga besi, naomba niseme la mkono wa dansi. Usiusahau, ndugu yangu! Kwenye dansi umezoea gitaa la ridhimu na second solo wanaongea pembeni yako na wewe unawapisha. Hilo ndilo watakalotafuta watakapokuambia usindikize. Mpiga gitaa Freddie Green alikaa kwenye bendi ya jazi ya Count Basie kuanzia 1937 hadi alipofariki 1987, akipiga mapigo manne kila kipimo, na solo alipiga kwa nadra sana. Bendi nzima ilimwegemea.

Cha kubadilisha ni pale mdundo unapolalia. Weka metronomu (kifaa kinacholia mapigo) kwenye 60 kwa dakika, halafu mlio wake uuhesabu kama pigo la 2 na la 4. Hapo mwendo wa wimbo ni 120. Mwanzoni utajikuta umegeuza, mlio umekuwa 1 na 3. Ukigeuka simama, anza upya. Piga melodi ya ile blues hivyo hivyo hadi ikae yenyewe bila kuilazimisha. Kisha mtu akipiga solo, shusha sauti, tumia hizo noti tatu alizokuonyesha NotaTatu, na akijaza noti nyingi wewe punguza.

Solo_Moro

Asanteni sana wakuu, hizo kodi nimezipiga sasa hivi na nimesikia mteremko. Kuhusu nota nifanyeje? Na hapa sina mpiga besi wa swingi (mdundo wa jazi) wa kurekodi naye.

NotaTatu

Nota: weka mkono eneo la freti ya 5 hadi ya 8 tu, usiuhamishe. Kila siku soma mistari minne ambayo hujawahi kuiona, kwa mwendo wa taratibu sana, na ukikosea usirudi nyuma. Mstari ukishausoma mara mbili sikio lako litaukariri, na wewe kwa sikio hilo utajidanganya unasoma, kwa hiyo tafuta mwingine. Vitabu vya violini au klarineti vinafaa. Kabla ya kuanza, tazama ufunguo, tazama noti ya juu kabisa, pigapiga mdundo kwa mguu.

Kwa video, kama chuo kinaruhusu, rekodi mwenyewe besi ya kutembea (noti moja kila pigo) kwenye nyuzi nene, halafu upige juu yake. Kama hawaruhusu, piga peke yako: melodi, mizunguko miwili ya solo, melodi, umalize. Imba kimoyomoyo vipimo viwili vya melodi kabla ya kuhesabu ili mwendo usikukimbie.

Besi_Tanga

Na kamera ioneshe mikono yote miwili. Tanga siyo mbali, ukiweza kufika Desemba nitakupigia besi bure, turekodi zote tatu siku moja. Njoo PM.