Mama amepona TB ila anahema sana: mazoezi ya mapafu nyumbani aanzeje?

Mkwaju
Wakuu, shikamooni. Mama ana miaka 58, yuko Muheza. Ametibiwa TB mara mbili. Makohozi yamepimwa upya, hayana vimelea, ila picha ya kifua inaonyesha makovu pande zote. Kutoka nyumbani hadi bombani ni kama mita 40 na anasimama mara mbili kuhema. Cheti kimeandikwa "salbutamol (pampu ya kufungua njia za hewa), mazoezi nyumbani", basi. Oksijeni kwa kipimo cha kidole ni 95 akikaa, 91 akitembea. Majirani wanasema apumzike. Afanye nini, kiasi gani, na niogope nini?

Kisima
Kumpumzisha ndiko kunakommaliza. Paja likikaa bila kazi hulegea, na msuli uliolegea hutoa asidi mapema. Asidi hiyo ndiyo inayokimbiza pumzi. Kuhema kunakotulia ndani ya dakika chache akikaa si hatari, mwambieni hivyo waziwazi maana hofu nayo inabana kifua.

Kwanza mpime. Kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemezwe ukutani, yeye akunje mikono kifuani. Hesabu anainuka na kukaa mara ngapi kwa dakika 1, andika na oksijeni. Rudia baada ya wiki 8.

Kutembea ni siku 5 kwa wiki, mahali tambarare, kabla jua halijakaza. Aanze dakika 2 kutembea, 1 kupumzika, mara tano. Kila wiki punguza vituo, mpaka afike dakika 20 hadi 30 mfululizo. Muulize anavyohema kati ya 0 (hahemi kabisa) na 10 (hawezi kuvumilia): mnatafuta 3 au 4. Akiweza kuimba, anakwenda polepole mno. Asipomaliza sentensi fupi, amezidisha.

Siku 3 zisizofuatana afanye nguvu: kuinuka kitini mara 8 hadi 12, apumzike dakika 2, arudie. Kisha chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, anyanyue hadi usawa wa bega. Wengi wanakosea hapa, wanabana pumzi wakati wa kuinuka. Avute kwa pua akiwa amekaa, atoe anapoinuka, midomo ameibana kama anapoza uji, kutoa kuwe mara mbili ya kuvuta.

Mama Zamda
Mimi naongezea pampu na makohozi.

Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inaishia kooni. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, pasha waya moto, toboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, iingie kwa kubana isivujishe. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ichuruzike yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa dawa itaganda kwenye kuta. Atikise pampu, abonyeze mara moja, avute na kutoa pumzi mara 5 kwenye mdomo wa chupa, ndipo abonyeze ya pili. Kama daktari amekubali, iwe dakika 15 kabla ya mazoezi.

Makohozi ayatoe asubuhi, kabla ya kutembea. Apumue kwa utulivu dakika 1, avute pumzi ndefu 3 akishikilia kila moja sekunde 3, atulie tena, kisha apulize "haa" mdomo wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Azunguke hivyo mpaka kifua kisikorome. Kukohoa kwa fujo kunafunga njia za hewa na makohozi yanabaki.

Na jiko la mkaa litoke nje.

Mkwaju
Asanteni sana. Juzi kipimo kilisoma 84 amekaa, anaongea vizuri tu. Ana piko kwenye kucha. Na bombani aache kwenda?

Kisima
Piko linazuia mwanga wa kipimo. Tumia kidole kisicho na piko, kiwe na joto, subiri namba itulie. Lakini usiidharau kila namba ya chini: kwenye ngozi nyeusi kipimo huweza kusoma juu kuliko ukweli. Ikishuka chini ya 88 akitembea, asimame. Ikijirudia hata akipunguza mwendo, aonwe na daktari kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au damu kwenye makohozi: acha mazoezi, hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku au kukonda: makohozi yapimwe tena.

Bombani aende. Ndoo ya lita 20 ndiyo aiache; achukue vidumu viwili vya lita 3, kimoja kila mkono, na asimame kabla pumzi haijaisha, si baada.