Land Rover 109 ya zamani: nianzie wapi kabla ya kuifumua?

Mwana_Mufindi:
Wakuu habarini. Kuna Land Rover Series III 109, pikapu ya petroli, injini ya lita 2.25, imelala chini ya miti ya paina hapa Mafinga miaka 8. Injini haizunguki, breki zimeshika, ila bodi imenyooka. Nataka kuifufua taratibu kwa mapenzi tu, si biashara. Fundi kanipa orodha ya vifaa inayoanza na pistoni na rangi. Ninunue, au kuna la kutangulia?

Spana_17:
Mkuu, usinunue chochote bado. Bodi ya gari hizi ni aluminiamu, haipati kutu nyekundu, ndiyo maana unaiona imenyooka hata kama chuma cha chini kimekwisha. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ndiyo itakayoamua. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga kote: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na unasikia chembe za kutu zikimwagika ndani. Hapo chokoa kwa bisibisi bila huruma. Kagua sana boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na springi zinaposhikia. Chesisi hii ni boksi lenye uwazi ndani. Tope linaingia na kukaa, hivyo inaoza kutoka ndani. Ukiona tundu la ukubwa wa shilingi, jua kwa ndani limefika ukubwa wa sahani.

Ukuta kati ya injini na kabini nao ni chuma. Sindano za paina hujaa kwenye vidirisha vya hewa chini ya kioo, zinashika maji, yanashuka hadi pa kuwekea miguu. Ng'oa mpira wa sakafu uone.

Chuma cha chesisi asili kina unene wa milimita 2. Fundi akileta bati la milimita 1, mkatalie. Na akate hadi afike chuma safi kisicho na kutu. Kiraka juu ya kutu ni kushonea kitambaa kilichooza: mshono unashika, nguo inachanika pembeni yake.

Kabla hajakata, safisha kwa brashi mkono wa springi ya mbele kulia, soma namba ya chesisi, ilinganishe na kadi ya gari, piga picha. Kipande hicho kisiguswe.

Gereji_Mwanjelwa:
Naongezea injini. Usipige stata, wala usiivute na gari jingine ikiwa kwenye gia. Ringi za pistoni zilizogandana na silinda zitavunjika. Toa plagi zote 4, mimina kila tundu vijiko 3 vya oili ya gia ya otomatiki iliyochanganywa na dizeli, acha wiki nzima. Kisha zungusha injini kwa hendeli, ile fimbo ya kuwashia kwa mbele, kwa mkono, polepole. Ikigoma ongeza oili usubiri tena. Ikikubali, fungua kava la juu uone kama valvu zote zinapanda na kushuka.

Badilisha oili, lita 7 hivi pamoja na filta, ndipo upime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Hapa injini nzima nyingi huhukumiwa bure! Nyanda hizi, mita 1,700 kwenda juu, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na geji inasoma chini kwa kiasi hicho. Angalia tofauti ya silinda kwa silinda: isizidi asilimia 10. Iliyo chini itie kijiko cha oili, pima tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Huenda pistoni huzihitaji kabisa.

Mwana_Mufindi:
Asanteni sana wakuu. Breki na rangi je?

Spana_17:
Breki usibahatishe: masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), wili silinda zote (za kwenye magurudumu) na hosi zote za mpira ziwe mpya. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani, breki inashika na haiachii.

Rangi iwe ya mwisho. Praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kawaida inanyonya maji, kwa hiyo gari isibaki na praima tupu mvua za Novemba hadi Aprili. Juni na Julai subiri umande ukauke na bati lipate joto, na umalize mapema kabla baridi haijashuka, la sivyo rangi inafifia na kuwa na weupe kama ukungu. Ukirudisha bodi, kila aluminiamu inapokutana na chuma weka rangi na kipande cha mpira katikati. Zikigusana kwenye unyevu, aluminiamu inaliwa hadi inakuwa unga mweupe.