Resident Evil: Apocalypse na jitu Nemesis: tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Leo nataka tuizungumzie sehemu ya pili ya sinema za mazombi za Resident Evil, ile ya 2004, na hasa lile jitu Nemesis.

Mimi nilikutana nalo kwenye gemu. Resident Evil 3 ilitoka 1999, na binamu yangu alikuwa na PlayStation. Unapita kituo cha polisi, kimya, mara dirisha linapasuka na sauti nzito inaita "S.T.A.R.S.!", jina la kikosi cha polisi cha Jill, shujaa wa gemu lile. Ukikimbilia chumba kingine, linafungua mlango na kukufuata. Mazombi wa kawaida hawakuwa hivyo, ukibadilisha chumba umepona. Kwa hiyo hofu ya gemu lile ilikuwa ni ya kukimbizwa, huku risasi zako zikihesabika.

Kwenye sinema nikalikuta linapigana mkono kwa mkono na Alice, shujaa wa sinema hizi. Lile lile jitu, lakini moyo wangu ulidunda kwa namna nyingine kabisa. Nani alianzia gemu, nani alianzia sinema? Lilikugusaje?

Mdau, Morogoro
Mkuu, gemu sijawahi kuligusa. Mimi ni wa banda la video: benchi za mbao, joto, na picha limetafsiriwa Kiswahili.

Jill alipoingia kituo cha polisi na kuanza kuwapiga mazombi risasi za kichwa bila kumuuliza mtu, banda zima tulikubaliana kwamba huyu ndiye steringi. Baadaye yuko kanisani na wenzake, wale viumbe wa ulimi mrefu wanatambaa darini, hakuna pa kutokea. Ghafla kioo cha dirisha kinapasuka, Alice anaingia na pikipiki! Zilipigwa kelele mpaka waliokosa kiingilio wakaanza kuchungulia kwenye matundu ya turubai. Sauti ya mtafsiri hatukuisikia tena mpaka kiumbe wa mwisho alipokufa.

Nemesis kwangu lilikuwa adui wa kumalizia picha tu. Hilo la kukimbizwa ndiyo kwanza nalisikia kwako.

Mdau, Nairobi
Mimi nilikuwa upande wa gemu, na nilikasirika. Alice hayumo kwenye gemu hata moja, ametungwa na mwandishi wa sinema, Paul W. S. Anderson, kwa ajili ya sinema. Sisi tuliocheza tulimjua Jill ndiye aliyetoka Raccoon City, ule mji wa mazombi, kwa jasho lake. Tulicheza kwenye duka la kulipia kwa muda, na kusevu kulihitaji utepe wa wino wa taipureta. Utepe ukiisha na dakika zako zikaisha, kesho unaanza tena. Jill niliteseka naye.

Sasa kwenye sinema mavazi wamempa yale yale, mwigizaji wake Sienna Guillory amemwiga hadi mwendo, halafu pambano kubwa anapewa mwingine na yeye anasimama pembeni kutazama! Hapo mpaka leo sijakubali.

Mdau, Toronto
Ndugu zangu, huku ndiko ilikopigwa hiyo picha. Lile jengo la pambano la mwisho ni ukumbi wa jiji wa Toronto, minara miwili iliyopinda ikitazamana. Nilipofika Kanada nikaenda kulipia kitu pale uwanjani karibu, nikainua macho na kulitambua kabla hata sijaambiwa jina lake. Jiji geni kabisa, na mahali pa kwanza nilipopajua ni pale alipopigana Nemesis.

Mdau, Dodoma
Nawasoma wote mnataja risasi na pikipiki. Mimi nina binti mwenye ugonjwa wa misuli, na picha hii niliitazama na mdogo wangu usiku mtoto akiwa amelala.

Mnamkumbuka Dkt. Ashford, yule mwanasayansi wa kiti cha magurudumu anayewapigia simu akina Jill? Virusi vyenyewe vinavyogeuza watu mazombi alivitengeneza yeye, kwa sababu bintiye Angela alikuwa na ugonjwa wa kurithi na yeye alitaka mtoto atembee. Kampuni ya Umbrella ikamnyang'anya. Mji mzima umeoza kutokana na dawa ya mtoto mmoja. Mimi nilisimamisha picha hapo, nikaenda chumbani kumwangalia wangu. Baba yule ningemlaumu? Siwezi. Ningeletewa ile sindano ningeipokea kwa mikono miwili.

Mleta mada
Dada, umenigusa sana, na Mungu amtunze binti. Umenionyesha kitu: Nemesis naye ni mgonjwa aliyeporwa. Ni Matt, yule wa sehemu ya kwanza ya 2002 aliyejeruhiwa na kiumbe wa maabara, watu wa Umbrella wakamchukua akipiga kelele. Alice anapomchoma na kuyaona macho yake, anamtambua na kukataa kummaliza. Kisha Matt anawageuzia silaha waliomtengeneza. Kwenye gemu hakuna huruma hiyo. Jitu ni jitu. Mdau wa Nairobi ana haki kuhusu Jill, lakini kwa Nemesis nasema sinema ilifanya vizuri zaidi.

Mdau, Johannesburg
Nichangie la pikipiki. Sehemu ya mwisho ya mfululizo ilipigwa huku Afrika Kusini mwaka 2015. Olivia Jackson, aliyekuwa akifanya michezo ya hatari badala ya Milla Jovovich, mwigizaji wa Alice, aligongana na mkono wa kamera akiwa kwenye pikipiki, na akapoteza mkono wa kushoto. Kwenye picha hiyo hiyo fundi mmoja aliuawa na gari lililomwangukia. Mimi hufanya kazi ya kufunga taa kwenye picha za matangazo, na tangu niliposoma habari hizo, kila tukio la hatari nataka kwanza kujua nani alilipanga na walifanya mazoezi kwa kasi ipi. Mwenye kumjua mtu aliyefanya kazi kwenye zile siku za Toronto, hasa pale kanisani, atuletee alivyosimuliwa.