"Servi" katika barua ya 47 ya Seneca: watumwa au watumishi?

Mwanafunzi, Mikindani

Habari za leo, ndugu zangu. Nasoma falsafa chuo kikuu, mwaka wa pili, na katika somo la Kilatini kila mmoja wetu amepewa barua moja ya Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, aitafsiri kwa Kiswahili na kuitetea tafsiri yake mbele ya darasa. Mimi nimepata ya 47, katika zile 124 alizomwandikia rafiki yake Lucilius, na humo anamsifu kwa kuishi vizuri na watumwa wake. Kinachonikwamisha ni maneno manne tu: "Servi sunt. Immo homines." Niliandika, "Ni watumwa. La, ni watu," nikamsomea bibi yangu hapa nyumbani. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba neno hilo halitamkwi ovyo mbele za watu, kwa kuwa hujui aliyeketi mbele yako wazee wake waliitwaje. Nikaweka "watumishi". Sentensi imelainika, lakini sasa naona Seneca anajibu hoja ambayo haina uzito wowote. Je, kuna namna ya kulitunza neno lake bila kumvunjia bibi heshima?

Mwalimu mstaafu, Lindi

Mwanangu, usiandike "watumishi". Mtumishi ana ujira, na akichoka anaweza kuondoka, ilhali servus katika sheria ya Kirumi alikuwa mali ya mtu, aliyeuzwa na kurithiwa kama shamba. Katika barua hiyohiyo Seneca anawaeleza watumwa wanaosimama usiku kucha na njaa yao huku bwana akijishindilia chakula, na ambao hata kikohozi au chafya iliyowaponyoka inaadhibiwa kwa kipigo. Ukiwaita watumishi, msomaji atadhani yanazungumzwa manung'uniko ya wafanyakazi wa nyumbani.

Hata hivyo bibi yako hajakosea. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, misafara ikiteremka kutoka pande za Ziwa Nyasa, na hata baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la Unguja, watu waliendelea kupitishwa kwa nchi kavu kuelekea kaskazini. Kwetu neno "mtumwa" halijapoa. Lakini litazame vizuri liko kinywani mwa nani. "Servi sunt" si kauli ya Seneca; ni ya mtu anayebisha, anayewadharau, naye Seneca anamkatiza kila mara kwa "immo", yaani "la, sema hivi". Weka alama za kunukuu, neno libaki kwa mwenye dharau. Uzito uliomshtua bibi ndio unaolipa jibu nguvu yake.

Msomaji, Masasi

Naunga mkono, na naomba tusiishie kwenye "homines", maana mwenye kubisha anarudia neno lake mara nne na kila mara jibu linasogea: homines, contubernales, humiles amici, conservi. Hilo la mwisho lisikusumbue, kwani Kiswahili kina neno lake kamili, "wajoli". Katika Mathayo 18:28 Biblia ya Kilatini inasema "unum de conservis suis", na Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani inasema "mmoja wa wajoli wake". Wengi siku hizi wangeandika "watumwa wenzetu", na si kosa, ila mjoli ni neno moja kwa neno moja, na linasikika kama la mtu anayemwita mwenzake.

Contubernales ndiyo ngumu. Asili yake ni askari wanaolala hema moja, tena contubernium ndilo lililokuwa jina la muungano wa mume na mke watumwa, ambao sheria haikuutambua kuwa ndoa. "Wenzetu wa nyumba moja" inabeba nusu ya kwanza tu.

Mwalimu mstaafu, Lindi

"Wajoli" nimelikubali mara moja. Nina tahadhari moja kwa mwanafunzi wetu: darasani usimfanye Seneca mpigania uhuru. Alikuwa tajiri mwenye watumwa wake, na barua hii haiombi utumwa ukomeshwe. Inamtaka bwana aishi na aliye chini yake kama ambavyo angetaka aliye juu yake aishi naye. Hoja ya "conservi" inasimama juu ya fortuna, yenye mamlaka sawa juu ya bwana na mtumwa. Hapo usiandike "majaliwa", kwa sababu msomaji wa pwani atasikia majaliwa ya Mungu. Andika "Bahati" kwa herufi kubwa, kama jina la mtu mwenye kugeuka.

Mwanafunzi, Mikindani

Shikamoo mwalimu, na asante ndugu wa Masasi. Nimeandika upya hivi:

"Ni watumwa." La, ni watu. "Ni watumwa." La, ni wenzetu wa nyumba moja. "Ni watumwa." La, ni rafiki zetu wanyonge. "Ni watumwa." La, ni wajoli wetu, ukifikiri kwamba Bahati ina uwezo uleule juu yao na juu yetu.

Jana jioni nilimsomea bibi kwa sauti mbili, moja ya mwenye kubisha na moja ya Seneca. Safari hii hakunikataza. Aliniuliza huyo anayerudia "ni watumwa" ni nani, na kwa nini hachoki. Ninachohangaika nacho sasa ni "humiles": "wanyonge" inaelekea kwenye huruma, "wa hali ya chini" ni ndefu na inavunja mdundo. Mwenye neno fupi zaidi anisaidie kabla ya Jumatatu.