Insha yangu imejaa taarifa, mhadhiri anasema haina hoja

Swali
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimeandika insha inayouliza iwapo mtambo wa uchapaji ndio uliosababisha Matengenezo ya Kanisa, yaani vuguvugu la karne ya 16 lililozaa Uprotestanti. Nimemweleza Gutenberg, Mjerumani aliyeuanzisha mtambo huo Ulaya, kisha mtawa Martin Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517 dhidi ya mazoea ya Kanisa, kisha uuzaji wa rehema (vyeti vya Kanisa vya kuondolewa adhabu ya dhambi), lakini nimerudishiwa kwa maelezo kwamba nimesimulia tu. Nashangaa, kwa kuwa nilipanga kila aya kabla ya kuandika.

Jibu la kwanza
Nadhani kosa limo katika mpango wenyewe. "Gutenberg, Luther, rehema" ni orodha ya mada, na hakuna awezaye kuipinga mada. Mahali pa kila neno weka sentensi inayodai jambo, kwa mfano: "Uchapaji haukuzusha malalamiko dhidi ya Kanisa, bali uliyasambaza kabla wakubwa hawajawahi kuyazima." Sentensi hizo zikikamilika, zisome mfululizo, ikiwa ya pili na ya nne zinaweza kubadilishana nafasi bila chochote kuharibika, basi hazijengani.

Jibu la pili
Naafiki, ila hata dai lenye ushahidi laweza kuning'inia. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alionyesha mwaka 1958 kwamba kati ya ushahidi na dai kuna kanuni inayoviunganisha, nayo mara nyingi haitajwi. Ukisema maandishi ya Luther yalichapwa kwa wingi, bado hujaonyesha yaliwafikiaje watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Sema wazi kwamba yalisomwa kwa sauti na kuhubiriwa, ndipo ushahidi wako utakapolibeba dai.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, vipi kuhusu Jan Hus, mhubiri aliyelikosoa Kanisa na kuchomwa moto mwaka 1415, kabla ya mtambo wa Gutenberg? Nilimwacha makusudi kwa kuwa anaibomoa insha yangu.

Jibu la kwanza
Kumbe ulikuwa na hazina ukaificha! Hus naye alishambulia uuzaji wa rehema, lakini vuguvugu lake lilibaki kwa sehemu kubwa Bohemia (katika Ucheki ya leo), na tofauti hiyo ndiyo unayopaswa kuieleza. Mpe aya nzima, tena umtetee kwa haki kabla ya kumjibu. Ila usiupe uchapaji sifa zote: Luther alilindwa na mtawala wa jimbo lake la Saxony, Ujerumani, ilhali Hus alikamatwa licha ya hati ya usalama aliyopewa na mfalme Sigismund wa Ujerumani. Kwa hiyo dai lako lipunguze kidogo, uandike "uchapaji ulichangia zaidi pale ulipokutana na ulinzi wa kisiasa", kisha uone ni aya zipi za zamani bado zina kazi.