Naomba ushauri: "noma" ni sifa au lawama?

Ndugu zangu, habari za mchana. Nina mgahawa mdogo hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Nauza ugali na sato, wa kukaanga na wa mchuzi. Wateja wangu wengi ni vijana wanaopakia dagaa.

Juzi mmoja kala, kanawa, akaniambia, "Mama, sato wako ni noma." Nikajua samaki kaharibika. Nikamwomba radhi na kumrudishia elfu tatu yake. Wenzake walicheka mpaka basi, kumbe alikuwa ananisifia! (Hela aliondoka nayo, hilo tuliache.)

Jana mwingine kasema, "Mama, leo mchuzi noma." Nikatabasamu, nikamshukuru. Kumbe chumvi imezidi.

Nimemuuliza mwanangu wa sekondari. Anasema noma ni hatari au balaa, lakini pia ni kitu kikali kupita kiasi. "Naona noma" ni kuona aibu, na "hamna noma" ni hakuna shida. Mimi niliyekulia Ukerewe ndiyo nikazidi kuchanganyikiwa. Nimejaribu kusoma sura ya msemaji, ila vijana hawa hata wakisifu wanakunja uso.

Naomba mnisaidie: nisikilize nini, sauti au maneno yanayofuata, ili nijue nasifiwa au nalalamikiwa? Na mtu mzima kama mimi nikimjibu mteja "hamna noma", ni sawa au najivunjia heshima?